Upande wa Pili wa Mgomba

Dar es Salaam
3 Machi 2004

Dada Habiba,

Usishtuke ukadhani ni barua ya serikali. Bahasha tu ndiyo ya ofisini. Mwandiko huu wa kuku ni wa Angetile wa Mzee Andongwisye, yule uliyekuwa ukimfukuza dukani kwenu Ngonga kwa kudokoa sukari guru. Mama hajambo? Nimesikia macho yanamsumbua.

Nina ombi. Huku kazini tuna intaneti, na mwaka jana mimi na wenzangu wa nyumbani tulifungua ukumbi wetu kwenye mtandao. Uchukulie kama baraza, ila kila mtu kakaa kwake: mmoja Mwanza, mmoja Lilongwe, mmoja yuko Uingereza huko, anaitwa Eliya, fundi wa kuuliza maswali. Mtu anaweka picha ya zamani, wengine wanaandika maneno chini yake. Tumefika watu mia na kumi.

Sasa tunakusanya habari za zimamoto wa kwetu, wa enzi zile ambazo gari la zimamoto tulilisikia redioni tu. Vijana hawaamini kwamba nyumba za nyasi ziliokolewa kwa mashina ya migomba. Niliwaeleza jinsi watu walivyokata migomba mibichi, wakaupiga moto kwa mashina yake, wakailaza kama ukuta ili moto usivuke. Mmoja akaniambia natunga. Maneno matupu hayawatoshi, wanataka picha. Na picha ninayoijua mimi ni moja, ile aliyopiga mpigapicha wa Kasumulu siku lilipoungua ghala la mpunga pale Ngonga, mwaka 1987. Ya kwetu ililiwa na mchwa baada ya baba kufariki. Nasikia ya kwenu ipo.

Niazime, dada. Nitaiingiza kwenye kompyuta kwa mashine inayoitwa skana, kisha nitairudisha na pembe zake zote nne.

Asante sana, ndaga fijo,
Angetile


Kyela mjini
21 Machi 2004

Mdogo wangu Angetile,

Sukari guru hukuwa unadokoa, ulikuwa unabeba. Mimi sijambo, duka la vitambaa linakwenda, mama yupo. Jicho la kushoto limeshaziba na la kulia linaona mwanga wa mlangoni tu, lakini ulimi uko vile vile, usiwe na wasiwasi.

Barua yako niliisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipoandika jina la baba yangu. Sikuliona. Unaizungumza siku ile kama sikukuu, kwa hiyo ngoja nikukumbushe sehemu iliyobaki.

Ilikuwa Ijumaa, na baba alikuwa amekwenda kuswali mjini. Aliporudi akakuta ghala linawaka. Aliitupa baiskeli njiani, akaingia na panga kwenye migomba yetu nyuma ya duka, akaikata yote, hata ile yenye mikungu. Alizima moto akiwa na kanzu ya Ijumaa. Mwezi haukuisha, wakaanza kusema Muksini ndiye aliyechoma. Anauza mafuta ya taa, duka lake liko ubavuni mwa ghala, na serikali ndiyo kwanza imewaruhusu wafanyabiashara kununua mpunga. Basi kachoma ghala la ushirika ili wakulima wamuuzie yeye. Hakuna aliyempeleka polisi. Waliacha tu kununua kwetu. Waliacha kuitikia salamu. Tukahamia mjini, na baba akafa mwaka 1994 akiitwa Muksini Kiberiti. Wewe ulikuwa mbali na masomo na kazi, labda hayo hayakukufikia.

Picha ipo. Kushoto ni Elizabeth, yule mama wa Kikisi aliyekuwa ametoka Lyulilo na vyungu vya kuuza, akavitoa vyote vichotewe maji. Kilibaki kimoja, amekipakata. Katikati ni baba yako na shati lake jeupe, mkono kiunoni. Kisha Hezroni, yule mkulima wa Ngonga, na baba yangu wamebeba shina la mgomba begani, Hezroni nyuma, baba mbele, kama wanaotoka nje ya picha. Nyuma ya baba, pembeni kabisa, kuna kamoshi ambako mpaka leo sijui ni ka nini.

Nakuletea kwa rejista. Sharti langu ni moja. Andika majina yote manne chini yake, na la baba yangu liwemo: Muksini Yasini, mzima moto. Hao watu wako mia na kumi ndio watoto wa wale waliotususa. Mama anataka kusikia limeandikwa mahali kabla hajaondoka. Hatuombi kingine. Na uitunze, maana hatuna picha nyingine ya baba akiwa na nguvu zake.

Dada yako,
Habiba Muksini


Dar es Salaam
10 Aprili 2004

Dada Habiba,

Picha imefika salama. Niliifungua juu ya meza ya chakula. Niliwaona wazee wetu wakiwa wamesimama pamoja, na mimi mwenyewe nikarudi kuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kwenda chuo.

Nimeiweka ukumbini juzi. Ungeona! Watu wameandika mpaka mashine ikawa nzito. Mmoja anasema babu yake naye alibeba migomba Ipinda, mwingine anauliza vyungu vya Kikisi vilistahimilije mbio zile. Wameibatiza «Kikosi cha Migomba», na jina limeshika.

Jina la mzee lipo. Nililiandika kama ulivyotaka. Mwambie mama.

Hako kamoshi usikasumbukie. Ni kasoro ya picha, doa la dawa za kusafishia. Picha za zamani ndivyo zilivyo.

Nitairudisha mara tu nitakapompata mtu wa kuaminika wa kumpa.

Mdogo wako,
Angetile


Kyela mjini
2 Mei 2004

Angetile mdogo wangu,

Mungu akuweke. Barua yako niliisoma kwa sauti mama akiwa kwenye mkeka. Nilipofika kwenye «jina la mzee lipo», akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema rudia tena. Mara ya nne akaondoa ushungi usoni akalia, na mimi nikalia, mteja akasimama mlangoni na kitambaa mkononi hajui atoke au aingie.

Jumapili akaniamuru nipike pilau kwa mchele wa Kyela, si wa kununua, wa shamba la Hezroni mwenyewe. Akaita majirani wote, Waislamu na Wakristo. Hezroni alikuja na mkongojo wake kutoka Ngonga. Nilisoma barua mbele yao. Mzee wa watu alisema, «Mimi nilikuwa nyuma ya mgomba, Muksini alikuwa mbele. Nimesema miaka yote, hakuna aliyenisikiliza. Sasa kompyuta imesema.» Watu wakacheka, na baadhi yao walikuwa wale wale waliokuwa wakipita dukani kwetu wametazama upande wa pili. Mmoja alimshika mama mkono akamshukuru na kumwita mama, «Ndaga, juba.» Kule Ngonga mtu huyo hakuwahi hata kumpa salamu ya ugonile.

Sijui nikushukuruje. Miaka kumi na saba, na wewe umeifuta kwa siku moja.

Sasa mama ana ombi jipya. Anataka hiyo karatasi ya mtandaoni ichapwe na iletwe, hata kama hawezi kuiona. Anataka kupitisha kidole juu ya jina. Na picha yetu usisahau. Ukutani pamebaki msumari mtupu.

Dada yako mwenye furaha,
Habiba


Dar es Salaam
30 Mei 2004

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zimenibana na mashine ya kuchapia imeharibika. Picha iko kwa fundi, naikuzisha kidogo, maana wanachama wanataka tuitundike siku ya mkutano wetu. Usiwe na haraka nayo. Mpe mama salamu.

Nakuomba usiitangaze sana ile barua huko nyumbani. Mambo ya mtandao ni bora yabaki mtandaoni.

Angetile


Mbeya
14 Juni 2004

Mama Habiba,

Shikamoo. Ni mimi, mtoto wa jirani yako. Chuoni hatujambo, mitihani ya ualimu ni mwezi ujao. Uliponiagiza nikachapishe ile karatasi nilifurahi, kwa sababu siku ya pilau nilikuwepo, nikaona jinsi Bibi alivyokuwa. Nilikwenda kwenye duka la intaneti karibu na soko, nikakaa saa nzima. Nilitafuta mara tatu nikidhani nimekosea mahali.

Mama, nisamehe kwa ninayoyaandika. Nimeichapa, imo humu ndani ya bahasha, uione mwenyewe kabla ya kumwambia Bibi lolote.

Katika picha wapo watu watatu. Baba yako hayupo. Picha inaishia begani mwa Mzee Hezroni. Chini pameandikwa hivi: «Mashujaa wa Kikosi cha Migomba, Ngonga, 1987. Kutoka kushoto: Bi. Elizabeth wa Lyulilo, Mzee Andongwisye, kiongozi wa kikosi na mtunza ghala, na Hezroni.»

Chini yake kuna maneno ya watu. Wengi wanamsifu Mzee Andongwisye na kumpa pole Angetile kwa kumpoteza baba shujaa, naye anawajibu mmoja mmoja, asante, asante. Kuna mtu ameuliza, «Na yule Mswahili aliyechoma ghala aliishia wapi?» Angetile amemjibu, «Tuyaache hayo. Tuzungumze habari za mashujaa.»

La mwisho ni la tarehe 6 Mei, la mtu anayeitwa Eliya. Ameandika, «Huyu wa pembeni amebeba mgomba begani. Upande wa pili wa mgomba kashika nani?» Hakuna aliyemjibu.

Nisamehe mimi mleta habari.

Tuntufye


Kyela mjini
20 Juni 2004

Angetile,

Sikusalimu.

Karatasi yako ninayo. Niliitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikaweka mkasi upande mmoja na rula upande mwingine isijikunje, nikakaa kuitazama mpaka wateja wakaacha kuita hodi. «Tuyaache hayo.» Mtu anamwita baba yangu mchomaji, na wewe unayemjua, wewe uliyekula kwetu, uliyelala kwetu ulipougua surua, unajibu tuyaache hayo! Ungekaa kimya ningesema umeogopa. Ungesahau ningesema umesahau. Lakini umeandika kwa mkono wako.

Unajua nimefanya nini kwa ajili ya uongo wako? Nimemwambia mama yangu kipofu kwamba mumewe amesafishwa. Nimewalisha watu pilau. Nimemwacha Hezroni aseme mbele ya kadamnasi kwamba kompyuta imesema. Umenifanya mwongo katika nyumba ambayo haikuwa na sifa nyingine iliyobaki ila kutosema uongo. Na mama bado hajui. Kila asubuhi ananiuliza karatasi imefika, na kila asubuhi namwambia mashine imeharibika, maneno yako wewe, yamehamia kinywani mwangu.

Nilidhani labda ni skana imeikata. Kisha nikaitazama tena ile picha yako, nikaona nilichokuwa nakiona miaka yote bila kukiona. Mavazi yao. Elizabeth ana madoa meusi mpaka kwenye kilemba. Hezroni shati zima limepigwa madoa. Kanzu ya baba, ambayo hukutaka watu waione, mama anayo sandukuni mpaka leo, utomvu wa mgomba umeifanya kama imemwagiwa wino. Kila mtu wa Kyela anajua utomvu ule hautoki kwa sabuni wala kwa jua. Aliyeshika mgomba siku ile aliondoka nao. Baba yako, kiongozi wa kikosi, shati lake ni jeupe pe.

Niambie alikuwa wapi. Niambie kwa nini umemkata baba yangu. Na unirudishie picha yangu na pembe zake zote nne, kama ulivyoahidi.

Habiba binti Muksini


Dar es Salaam
5 Julai 2004

Dada Habiba,

Pembe nne sina. Humu ndani kuna mbili.

Nilitumia mkasi. Kijana anayeshika skana hapa ofisini ni mtu wa nyumbani, naye yumo ukumbini. Kama ningempelekea picha nzima angeiona nzima. Kwa hiyo niliikata hapa kwangu juu ya meza ile ile ya chakula. Nusu ya baba yako ndiyo hiyo. Nilitaka kuitupa, mkono ukakataa. Nimekuwa nayo ndani ya kitabu kwa miezi mitatu.

Baba alifika moto umeshazimwa. Alikuwa Ipinda kwenye kikao, akaja na baiskeli, na mpigapicha akamweka katikati kwa sababu yeye ndiye mtunza ghala. Hakuomba. Lakini pia hakukanusha, na nyumbani tulikua tukisema baba aliongoza, mpaka na mimi nikaamini nusu. Jumla ya watu walioniandikia pole ni themanini na wawili. Nilishindwa kuwaambia.

Lakini sikumkata mzee kwa ajili ya shati la baba. Nataka ujue hili, halafu unichukie kwa haki. Nilikuwa nakata kile kimoshi.

Si doa la dawa. Ni lundo la pumba za mpunga lililokuwa nyuma ya ghala. Jumatano, siku mbili kabla, baba alilichoma kama kila mwaka, jioni akaniambia nikalizime, nilichimbue mpaka chini, nimwagie maji ndani. Siku hiyo tulikuwa na mechi. Nilimwaga ndoo mbili juu, nikaona limelowa na limekuwa jeusi, nikaenda uwanjani. Unazijua pumba. Juu zinanyamaza, chini zinaendelea kula siku nzima, siku mbili, bila hata cheche. Ijumaa upepo wa ziwani ukaja mchana, ukafukua.

Hezroni na baba yako walikuwa wanapeleka ule mgomba wa mwisho kuulaza juu ya lundo hilo. Ndiyo maana wanaelekea nje ya picha. Mtu yeyote wa Kyela akiona pumba zinazofuka moshi ubavuni mwa ghala lililoungua, ataelewa moto ulitoka wapi. Hatauliza habari za mafuta ya taa.

Hakuna anayejua isipokuwa mimi. Baba hakujua. Alikufa anaamini nilichimbua. Nilipopata barua yako ya kwanza niliandika majina manne kwenye kompyuta, nikayatazama, nikafuta. Nina watoto, dada. Nina cheo kidogo ofisini. Nimekuwa mtu ambaye watu wa nyumbani wananiletea matatizo yao niwasaidie.

Nisamehe ukiweza. Na ukimaliza kuisoma barua hii, tafadhali ichome.

Angetile


Kyela mjini
18 Julai 2004

Angetile mwanangu,

Ni mimi Bibie, mke wa Muksini. Naandikiwa na Habiba. Nimemwambia aandike ninachosema, asipunguze, asiongeze kiungo chake.

Juzi nilimwambia, karatasi haiji, na wewe sauti yako si yako, niambie. Akaniambia. Kisha akanisomea barua yako yote. Alidhani nitaanguka. Mimi sikuanguka, maana mengi uliyoyaandika ninayajua toka siku ile.

Andika, Habiba. Usisimame.

Umesema hakuna anayejua. Muksini alijua. Walipoulaza ule mgomba, Hezroni alikwenda kunywa maji, yeye akabaki akachokoa lundo kwa kijiti, akaona kule chini bado kwekundu. Akamwita baba yako, akamwonyesha. Baba yako akakaa chini, akashika kichwa, akasema, «Nilimwambia Angetile alichimbue.» Kwa hiyo hilo pia alilijua, mwanangu. Hukuwa na siri yoyote. Ulikuwa umebebwa tu.

Kesho yake baba yako alikuja kwetu na jogoo mwekundu mkononi. Akaniamkia mimi kwanza. Akamwambia Muksini, kijana kaitwa chuo, anaondoka baada ya wiki mbili. Wakisikia ni yeye, chuo hakuna, na ghala ni la ushirika, watamfunga. Nipe muda. Akirudi na cheti chake mkononi nitasimama mbele ya watu niseme mwenyewe. Muksini akamjibu, «Mwache mtoto aende. Mimi nina duka, nina mabega.» Wakati ule hakuna aliyekuwa amemtaja bado. Hakujua mabega yatabebeshwa nini. Jogoo nilimchinjisha, nikampika, baba yako akala paja.

Walipoanza kumwita Kiberiti nikamwambia, sema sasa. Akasema, nimetoa neno. Ukamaliza chuo, tukasikia. Ukapata kazi, tukasikia. Muksini alikuwa akikaa kibarazani hapa mjini, kila akiona mtu wa Ngonga anakuja anajinyoosha, anadhani ametumwa na Andongwisye. Miaka saba. Baba yako alikuja kwenye mazishi, akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya dua kwisha.

Na wewe Habiba usinitazame hivyo, nahisi. Hatukukwambia kwa sababu mdomo wako ungelisema siku hiyo hiyo, na baba yako alikuwa ametoa neno. Kasirika baadaye. Sasa andika.

Angetile, Muksini alinikataza kusema, na mimi nilikuwa nimeamua kwenda nalo kaburini. Ndiyo maana niliomba jina lake tu. Sikuomba jina lako liguswe. Ungeandika majina manne, ukasema kamoshi ni doa, ningekuwa nimekufa nimeridhika, na siri yako ningekuwa nimeifukia mimi mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu huyu alikuficha wewe mgongoni mwake miaka saba, na siku uliyompata mkononi mwako ulichukua mkasi.

Sina la kukulaani. Nimechoka, na macho haya hayaoni tena cha kutazamia.

Bibie
(dole gumba lake hili)

Angetile,

Sasa naandika yangu.

Nilipoanza kuandika barua ya mama nilikuwa na hasira na mtu mmoja. Nimemaliza nina hasira na wanne, na wawili kati yao ni marehemu, na wa tatu ni mama yangu, amekaa hapa mbele yangu ananiomba chai. Miaka kumi na saba nimekuwa nikipigana na watu kuhusu jambo ambalo wazazi wangu walikuwa na jibu lake ndani ya nyumba. Mimi ndiye niliyetukanwa sokoni. Mimi ndiye niliyevunjiwa uchumba. Hakuna aliyeniuliza kama na mimi nina mabega. Hilo nitalimaliza na mama, halikuhusu.

Linalokuhusu ni hili. Barua yako sijaichoma. Nimeiweka sandukuni, imefungwa ndani ya kanzu ya baba, kwenye madoa. Sitaipeleka kwa Hezroni wala kwa mzee yeyote wa Ngonga, ingawa miguu inanituma. Neno alilotoa baba silivunji mimi. Aliyelipokea ni baba yako, na wewe ndiye mrithi wake.

Ile nusu ya picha nimeitundika kwenye msumari wake. Baba yuko peke yake, mgomba uko begani, na nyuma yake moshi unaonekana vizuri zaidi sasa ambapo hakuna kingine cha kutazama. Jana Hezroni alikuja. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza yeye amekwenda wapi.

Tuntufye amepita tena kwenye duka la intaneti. Anasema swali la Eliya bado lipo pale pale chini ya picha, mwezi wa tatu huu, na wewe kila siku unaingia ukumbini, unajibu wengine, hilo unaliruka.

Wewe ndiye unayejua upande wa pili wa mgomba kashika nani, na alikuwa anaupeleka wapi. Mjibu.

Habiba